MJADALA: Wanigeria na Wasomali wa Marekani, ni akili ya mtu au ni mlango alioingilia?

Mleta mada (Minneapolis):

Wadau, salaam. Mada hii imenikaa kifuani tangu Jumamosi. Tulikuwa arusini hapa Minneapolis, meza yetu Watanzania na Wakenya watupu, na maongezi yakafika pale yanapofikaga siku zote: nani kamtangulia nani ugenini. Jamaa mmoja mhasibu, mtu ninayemheshimu, akasema: "Mtazameni Mnigeria. Daktari, mfamasia, nyumba ya vyumba vitano Houston. Halafu mtazameni Msomali. Miaka thelathini yuko kwenye maghorofa ya mtaa wa Cedar-Riverside hapa mjini anangojea posho ya chakula ya serikali. Wote Waafrika, wote weusi, nchi ni hiyo hiyo moja. Tofauti ni akili ya mtu." Meza nzima ikatikisa kichwa kukubali.

Sikumjibu pale, muziki ulikuwa juu na maharusi walikuwa wanaingia. Namjibu hapa, na anayeona nakosea anipinge kwa hoja.

Kwanza nakubali yaliyo kweli. Mwaka 2016 ofisi ya takwimu za watu ya jimbo hili la Minnesota ilitoa ripoti ya hali ya uchumi kwa kila jamii, na zaidi ya nusu ya Wasomali wa hapa walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Hali imepungua makali tangu hapo, ila bado iko mbali na wastani wa jimbo. Kwa Wanigeria, takriban watu 6 kati ya 10 wenye miaka 25 na zaidi wana digrii, wakati Wamarekani wenyewe hawafiki 4 kati ya 10. Hesabu hizo sibishani nazo. Nabishana na ile "akili ya mtu".

Mnigeria wa Marekani alikujaje? Miaka ya 1970 mafuta yalipopanda bei, serikali ya Nigeria ilisomesha vijana wake nje kwa maelfu, na wengi walikuja vyuo vya huku wakiwa na nia ya kurudi. Mafuta yakaporomoka. Mwaka 1986 Babangida, mtawala wa kijeshi, akaleta mpango wa kurekebisha uchumi, naira ikashuka thamani vibaya sana, mshahara wa mhadhiri ukawa hautoshi kulisha nyumba. Waliokuwa wanasoma wakabaki, madaktari na wahadhiri wakawafuata. Kisha sheria ya uhamiaji ya 1990 ikazaa bahati nasibu ya viza, iliyoanza kazi 1995. Ile nayo haikuwa ya kila mtu: sharti uwe umemaliza sekondari au una uzoefu wa kazi inayohitaji mafunzo, na ukishinda ulijilipia viza, vipimo vya afya na tiketi. Wanigeria waliingia wengi mpaka nchi yao ikaondolewa kwenye bahati nasibu ya 2015, kwa kuwa zaidi ya watu 50,000 walikuwa wameshaingia Marekani ndani ya miaka mitano.

Nchi ya watu zaidi ya milioni 200, ambako mwenye digrii ni mmoja katika wengi. Kwa hiyo yule tunayemwona Houston amepita kwenye chekeche mara tatu: shule imemchekecha, ubalozi umemchekecha, nauli imemchekecha. Halafu sisi tunamweka mezani tunasema, huyu ndiye Nigeria.

Msomali je? Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991. Watu walitoka kwa miguu na kwa majahazi. Shule zilikufa siku hizo hizo, maana yake aliyezaliwa Somalia 1985 alikuwa na miaka sita kengele ilipoacha kulia. Dadaab, makambi ya wakimbizi kule Kenya, ilijengwa kwa ajili ya watu 90,000, na mwaka 2011 ilikaribia nusu milioni. Kuna vijana wamezaliwa Ifo na Hagadera, kambi za Dadaab, wakakulia humo, wakaoa humo, ndipo wakapelekwa uwanja wa ndege. Huyu hakuchaguliwa na mtu kwa sababu ya vyeti vyake. Alichaguliwa kwa sababu ya shida yake.

Alipofika, shirika lililompokea lilikuwa na miezi mitatu ya kumwekea nyumba, kuandikisha watoto shule na kumtafutia kazi. Sera yenyewe ilisema ajitegemee haraka, kwa hiyo kazi ya kwanza iliyopatikana ndiyo hiyo hiyo. Hapa Minnesota kazi hiyo ilikuwa viwanda vya bata mzinga na nyama: Marshall, Willmar, Faribault. Hazihitaji Kiingereza. Ndiyo maana waliajiriwa, na ndiyo maana wengi walikaa humo miaka kumi bila kukijua Kiingereza.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama wa Kisomali anayenishinda Kiswahili. Alikijulia Utange, Mombasa, kambini, kwenye foleni ya maji. (Ilhan Omar, mbunge wetu wa hapa, naye aliishi Utange miaka minne kabla ya kuja Marekani mwaka 1995.) Siku moja nilishuka kumsalimia, akanipa chupa ya chai nimfungulie. Vidole vyake havikunji vizuri. Alikata mapaja ya bata mzinga miaka tisa kwenye chumba cha baridi, kisu mkononi, mkanda haungoji mtu. Akaingia chumbani akatoa mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na kadi za chanjo za watoto watano na karatasi moja imekunjwa mara nne: risiti ya mwisho ya deni la tiketi za ndege. Maana wengi wenu hamjui: mkimbizi aliyeletwa Marekani alipewa tiketi kwa mkopo, alitia saini kabla ya kupanda, na alianza kulipa miezi michache baada ya kutua. Haukuwa na riba, lakini ulikuwa deni. Tiketi sita alizilipa kwa mshahara wa kiwandani. "Mwanangu," aliniambia, "hii sitaitupa. Atakayesema nilikuja bure nitamwonyesha."

Jambo la mwisho, na mhasibu wetu alipaswa kulijua kuliko sisi. Mstari wa umaskini unapimwa kwa kaya. Mwongozo wa serikali ya shirikisho wa 2024 ulikuwa dola 15,060 kwa mtu mmoja na dola 52,720 kwa kaya ya watu wanane. Chukua wanaume wawili, ghala moja, zamu moja, dola 17 kwa saa. Kila mmoja anapata kama dola 35,000 kwa mwaka. Asiye na mke yuko juu ya mstari zaidi ya mara mbili. Baba wa watoto sita, akiwa ndiye mwenye mshahara peke yake, ni maskini. Wamechoka sawasawa.

Swali langu: tunapolinganisha jamii hizi mbili, tunapima nini hasa? Karibuni.

Mchangiaji wa Houston:

Mkuu, umeandika vizuri ila umewavua Wanigeria jasho lao. Niko Alief huu mwaka wa kumi na nne na nimefanya kazi nao hospitalini miaka yote hiyo. Chekeche lako linaeleza nani aliingia. Halielezi alichokifanya baada ya kuingia.

Niliwahi kuishi nyumba moja na mzee wa Kinigeria aliyekuwa anafundisha chuo kikuu kwao. Hapa alipanga bidhaa kwenye rafu za duka usiku, saa nne mpaka alfajiri. Kwenye nusu saa ya mapumziko alikuwa anakaa juu ya kreti la maziwa na kitabu cha uuguzi, maana shahada yake ya kwao ilikuwa haimpi kazi na akaamua kuanza moja akiwa na miaka 47. Mtihani wa leseni alianguka mara mbili. Mara ya tatu akapita. Ukiniambia huyo kabebwa na mlango, nitakasirika.

Na hata hiyo raha yao inatiwa chumvi. Kwa kiwango cha elimu walicho nacho wangetakiwa kuwa juu sana ya Mmarekani wa kawaida kwa kipato. Hawako juu sana. Wako karibu naye, au wamempita kidogo. Digrii nyingi zinaendesha teksi na kulinda mageti. Kwa hiyo hata wao mlango uliwabana kwa ndani.

Mchangiaji wa Nairobi:

Mimi siko Marekani, niko Eastleigh, na nikisikia Msomali anaitwa mvivu wa kungojea posho nashangaa wanamzungumzia Msomali gani.

Hapa waliingia wakimbia vita ile ile, mwaka ule ule. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Mapema miaka ya 90 wageni wenyewe wakaanza kuuza nguo na redio vyumbani, bidhaa juu ya kitanda, mchana duka, usiku malazi. Vyumba vikageuka maduka, nyumba nzima ikawa soko, na jengo baada ya jengo likafuata. Leo wafanyabiashara wa nchi jirani wanakuja kununua jumla hapa. Yote hayo na msako wa polisi kila mwaka, na vitambulisho ambavyo wengi hawakuwa navyo. (Waliokuwemo ni Wasomali wa Kenya pia, nisidanganye, na mtaji mwingine ulitoka kwa ndugu wa Dubai na huko huko kwenu Minnesota.)

Sasa damu ni ile ile. Kwa nini Eastleigh ni tajiri na Cedar-Riverside ni maskini? Nionavyo mimi, biashara ya hapa inataka simu na mtu wa kukuamini. Ukoo wako ukikudhamini, kontena linatoka bandarini na pesa utalipa baadaye. Huko kwenu duka linataka leseni, bima, alama za mkopo benki, na fomu za kurasa kumi na mbili za Kiingereza. Mtaji wa Msomali ni uaminifu kati ya watu, na huko hakuna ofisi inayoupokea kama dhamana.

Mchangiaji wa Italia:

Nitaongeza fupi. Niko karibu na Castel Volturno, kaskazini ya Napoli. Wanigeria hapa ni wengi sana. Saa kumi na moja alfajiri wamesimama kwenye mizunguko ya barabara wakingojea gari la mtu wa shamba la nyanya awachukue kwa kibarua cha siku. Mwaka 2016 pekee zaidi ya wanawake na wasichana 10,000 wa Nigeria walifika Italia kwa bahari kupitia Libya, wengi kutoka jimbo la Edo, na shirika la kimataifa la uhamiaji lilikadiria walio wengi waliingizwa na wauza watu. Hawa nao ni Wanigeria. Wana mama zao wanaosisitiza shule kama wa Houston. Mhasibu wa mezani kwenu angekuja hapa angesema Mnigeria hana akili?

Mchangiaji wa Lewiston, Maine:

Naomba niseme kuhusu watu wangu, kwa sababu kwenye hesabu zenu hawaonekani.

Kuna "Wasomali" ambao nyumbani kwao wanazungumza Kizigua. Babu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka upande wa Handeni na Tanga wakapelekwa bonde la mto Juba kulima. Mimi kwa mama ni Mzigua wa Handeni, na siku ya kwanza nilipoitwa kutafsiri kliniki hapa, bibi mmoja alianza kueleza maumivu ya mgongo nikamwelewa kabla sijaambiwa anatoka wapi. Tulitazamana. Miaka mia na hamsini ilikuwa imepita na neno la mgongo ni lile lile.

Kule Somalia walibaguliwa: shule finyu, ardhi yao ikinyang'anywa, vita ilipofika kila mwenye bunduki aliwapora wao kwanza kwa sababu hawakuwa na ukoo wa kuwalinda. Marekani ilikubali kuchukua kama 12,000, wakaanza kufika 2003. Wengine walipata uraia Tanzania, pale Chogo, makazi ya wakimbizi mkoani Tanga. Waliofika hapa wengi hawakuwa wamewahi kushika kalamu. Ukiwachanganya hao na mtoto wa mfanyabiashara wa Mogadishu ukapata wastani mmoja ukauita "kipato cha Wasomali", umepima nini? Hapa Lewiston wamekodi mashamba pamoja wanalima mahindi yao na maharage, wanauza. Mapato madogo, lakini kwenye ripoti hayatajwi kabisa.

Mchangiaji wa Columbus, Ohio:

Mnatetea mpaka mnachosha. Mimi nimeishi nao hapa Columbus miaka kumi, tena ni Waislamu wenzangu, kwa hiyo msiniletee habari ya ubaguzi.

Mlango sawa. Miaka 30 je? Watoto wanane ni mlango? Kukataa mkopo wa nyumba kwa sababu ya riba ukapanga miaka 25, ni mlango? Kila mwezi mshahara haujatua vizuri, kipande kimekwenda Mogadishu na kingine Nairobi, ni mlango? Na ile kesi ya Minnesota ya wizi wa pesa za chakula cha watoto, dola milioni 250, washitakiwa wengi wakiwa Wasomali, hiyo nayo tumsingizie Siad Barre? Mnigeria naye anatuma pesa kwao, na ananunua nyumba. Mtu akipewa nafasi akaichezea aambiwe.

Mleta mada:

Asante ndugu wa Columbus, umeniletea yale niliyokuwa nayangojea. Kabla yako, mdau wa Houston: umenirekebisha na nimekubali. Mzee wa kreti la maziwa nilimsahau. Ninachosema ni kwamba mama yangu wa ghorofa ya chini alisimama saa zile zile za usiku. Yule alikuwa na kitabu cha kufungua wakati wa mapumziko kwa sababu utotoni mtu alimfundisha kusoma. Jasho kalitoa mwenyewe, lakini kusoma alikuja nako.

Sasa riba. Kwa Mwislamu anayeshika dini hiyo si anasa ya kuchagua, na wewe unajua. Lakini tazama kilichotokea palipopatikana njia. Hapa Minneapolis marehemu Hussein Samatar, aliyekuwa mtu wa benki, alianzisha kituo cha kuwakopesha Waafrika wenye biashara ndogo, na kwa Waislamu mkopo ukapangwa kama mauziano: kituo kinanunua kifaa, kinamuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, analipa kidogo kidogo. Watu walikopa na walilipa. Huyo huyo Samatar mwaka 2010 alichaguliwa kwenye bodi ya shule ya jiji. Kwa hiyo watu walikuwepo na nia ilikuwepo. Bidhaa sokoni ndiyo haikuwepo.

Na kuweka akiba kwa pamoja wote wanako. Mnigeria ana esusu, Msomali ana hagbad, sisi tuna upatu. Ni kitu kimoja chenye majina matatu. Kama siri ya utajiri ingekuwa desturi, hapo wangetoka sare.

Pesa za kutuma: Somalia inapokea zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka kutoka kwa watu wake walio nje, nchi ambayo kwa miaka haikuwa na benki inayounganika na dunia. Mnigeria anatuma kwa ndugu. Msomali kwa muda mrefu alikuwa anatuma badala ya serikali, hospitali na shule kwa pamoja. Hata njia yenyewe ilikatwa. Mwisho wa Desemba 2011 benki iliyokuwa inahudumia ofisi za hawala hapa Minnesota ilifunga akaunti zao, ikiogopa sheria za ugaidi. Nakumbuka mama yule alizunguka ofisi tatu kwenye soko la Karmel siku hiyo, bahasha ndani ya mtandio, akarudi nayo. Dada yake alikuwa Kismayo, na ule ndio mwaka wa njaa.

Kuhusu kesi, waliokula pesa za watoto wafungwe, na sina neno la kuwatetea. Lakini umetaja nusu. Aliyetajwa na waendesha mashtaka kuwa kinara, Aimee Bock, ni Mmarekani mweupe, na alitiwa hatiani Machi 2025. Hakuna aliyekaa mezani akauliza kama wazungu wa Minnesota wana akili ya wizi.

Watoto wengi, nakubali wanashusha hesabu ya kaya. Ila wanakua. Wa kwanza wa mama yule ni muuguzi, wa pili anaendesha lori lake mwenyewe kwenda Dakota na kurudi. Mwaka 2018 ghala kubwa la Amazon pale Shakopee lilishuhudia wafanyakazi wa Kisomali wakiikalisha kampuni mezani juu ya kasi ya kazi na muda wa sala. Anayengojea posho hana muda wa kugomea kazi.

Ninachoomba ni mizani moja. Mkimbizi apimwe na mkimbizi, mwenye digrii apimwe na mwenye digrii. Mhindi mhandisi hatumlinganishi na Mburma wa kambini tukasema Waasia.

Mchangiaji wa Columbus, Ohio:

Kwenye riba nimekuelewa, na hiyo ya Desemba 2011 nilikuwa siijui. Kwenye watoto wanane sijakuelewa bado. Mama yako wa ghorofa ya chini alikuja na watano, sawa, hakuvipanga vita. Mimi namzungumzia kijana aliyezaliwa hapa hapa Columbus, kasoma shule moja na wanangu, ana miaka 29 na watoto watano na kazi moja ya ghalani. Huyo mlango wake ni upi? Nijibu kuhusu huyo.